Kiwavi wa kwenye faili na kiwavi wa shambani

Wiki mbili hizi natengeneza kiwavi wa Dwarf Fortress, ule mchezo wa ndugu wawili Wamarekani, Tarn na Zach Adams, uliotoka mwaka 2006. Uzuri wake kwetu waandika programu ni kwamba kila kiumbe ni mistari ya maandishi kwenye faili. Unataja mwili, ukubwa, makazi na idadi, kisha unaumba dunia mpya, naye yumo.

Wa kwanza nilimpa mwili wa ng'ombe na meno ya chuma. Akawa kichekesho. Ndipo nikakumbuka mwaka 2017 hapa Likuyani.

Viwavijeshi vamizi asili yao ni bara la Amerika. Afrika waliripotiwa mwaka 2016, Nigeria na nchi za jirani, na Machi 2017 walikuwa wameshafika magharibi ya Kenya. Mama aliniita shambani, akafungua majani ya katikati ya mmea wa mahindi. Kulikuwa na uchafu kama unga wa mbao, na ndani mdudu mmoja.

"Ndiye huyu, baba," akasema. "Usihesabu, okota tu."

Tuliokota hadi giza likaingia. Mwaka ule hatukuuza hata gunia moja.

Sasa tazama alivyoundwa. Ana sentimita 3 hadi 4 tu. Usoni ana alama ya Y iliyopinduliwa, karibu na mkia madoa manne yaliyopangwa kama mraba. Hupitia hatua sita za ukuaji, na wakubwa hula wadogo, ndiyo maana mara nyingi unamkuta mmoja. Nondo wake huweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 na kusafiri kilomita 100 kwa usiku. Nani angebuni hivyo akiwa amekaa mezani?

Basi nikamfuta yule ng'ombe. Nikaandika mwili mdogo, idadi kubwa, na njaa ya chakula cha ghalani. Tatizo limebaki moja: kiumbe ukishamtaja kwenye faili, amekuwepo tangu dunia ianze. Sijapata mstari wa kusema huyu alikuja juzi, watu wakiwa wameshapanda. Na sisi kilichotuumiza ni hicho hasa. Programu ya simu ya Nuru, inayotambua uharibifu wake kwa kamera hata bila intaneti, ilikuja mwaka 2018, msimu wetu ukiwa umeshakwenda.

Jana mama alichungulia skrini, akauliza kama huyu naye anaokotwa kwa mkono. Nikamwambia hapana, huku kuna paka.