Rundo la Kuni: Mkate Mkavu wa Kijerumani Kwenye Jiko la Kasense

Wiki iliyopita nilisahau nusu mkate kabatini siku nne. Ulikauka hadi ukigonga nao mezani unalia kama ubao. Jirani yangu hapa Kasense akasema wape kuku. Nikamwambia hapana, leo tunapika Scheiterhaufen.

Akacheka, maana jina lenyewe ni kama kupiga chafya. Tafsiri yake ni rundo la kuni zilizopasuliwa. Ni chakula cha Bavaria na Austria: vipande vya mkate mkavu hupangwa kama kuni, katikati matufaa na zabibu kavu, juu maziwa yaliyopigwa na mayai na sukari, kisha huokwa. Waswabia wana Ofenschlupfer. Hesse wana Kirschenmichel, wenye cheri. Vyote ni chakula cha nyumba yenye watoto wengi na mkate wa jana. Nasi tuna kiporo cha ugali wa ulezi, akili ni ileile.

Matufaa sokoni Sumbawanga bei yake si ya mkate mkavu, kwa hiyo nikatumia ndizi mbivu. Maziwa nusu lita, mayai matatu, mdalasini. Usikimbilie moto: acha mkate unywe maziwa nusu saa, la sivyo katikati unabaki mkavu na juu unaungua. Oveni sina. Nilipalia mkaa juu ya mfuniko na kuacha mdogo chini.

Nikisubiri, niliwaza Kasanga, kule chini ziwani, ambako Wajerumani walijenga boma wakaliita Bismarckburg. Meli ya Liemba, iliyotia nanga Kasanga miaka na miaka, ilizaliwa ikiitwa Graf von Götzen. Babu zetu wameipanda, na bado wengi hawajui huyo Götzen ni nani. Alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia 1901 hadi 1906, yaani wakati wa Majimaji. Vita ile haikufika Ufipa. Lakini kusini, jeshi lake lilichoma vijiji, likachoma na maghala ya nafaka na mashamba, ili njaa imalize kazi ambayo bunduki hazikuimaliza. Waliokufa, wengi kwa njaa, wanakadiriwa kuanzia 75,000 hadi 300,000.

Hapo ndipo kijiko kilinizito mkononi. Watu ambao nyumbani kwao hawatupi hata ukoko wa mkate, waliteketeza chakula cha mwaka mzima cha watu wengine. Na neno Scheiterhaufen, kwa Kijerumani, ni lile pia la rundo la kuni la kumchomea mtu hai, enzi za kuwasaka wachawi. Sisemi mpishi wa Bavaria anafikiria hivyo akipanga mkate wake. Mimi ndiye niliyefikiria.

Njaa ikawarudia wenyewe. Waingereza walitwaa Bismarckburg Juni 1916, na majira ya baridi yaliyofuata Wajerumani kwao walikula tanipu, mizizi waliyozoea kuwapa mifugo, kwa kuwa bahari ilifungwa na viazi viliharibika. Mkate wao wa vita ulichanganywa unga wa viazi. Huku kwetu, Lettow-Vorbeck anaeleza katika kumbukumbu zake jinsi walivyooka mkate bila ngano, kwa mtama, mahindi, viazi vitamu na muhogo. Unga huo ulitoka wapi? Kwenye vihenge vya wanavijiji, ukabebwa vichwani na wapagazi ambao wengi hawakurudi makwao. Alisalimu amri Abercorn, Mbala ya leo, Novemba 25, 1918. Si mbali na hapa.

Walipoondoka walituachia neno hela, kutoka Heller, sarafu yao ya mwaka 1904, mia moja kwa rupia. Na shule. Pudini hii hawakuiacha. Sijawahi kumsikia mzee yeyote wa huku akiitaja.

Nilipofunua, juu palikuwa pamekauka rangi ya dhahabu, chini laini, ndizi zimeyeyuka. Jirani alikula vipande viwili kimya, akafuta sahani kwa kidole.

"Kumbe walijua kupika," akasema. Kisha akauliza kama kuna mkate mwingine uliokauka.

Nikamwambia asubiri siku nne.