"However" na "Lakini": Habari za Neno Dogo Ligeuzalo Maneno

Mwezi huu twataka kuwapa habari za maneno madogo ambayo kazi yake ni kuyapindua yaliyotangulia. Katika Kiingereza neno hilo ni "however". Katika Kiswahili twalijua "lakini", na ndugu zake "walakini", "bali", "ila" na "hata hivyo". Huenda mtu akauliza, "Neno dogo kama hili lina habari gani?" Linayo, nasi tuliijua kwa hasara ya mtu mwingine.

Tulipokuwa tungali vijana katika kazi ya ualimu, mzee mmoja wa upande wetu alituletea barua ya Kiingereza. Mwenye shamba mmoja alikuwa amempa ruhusa ya kukaa na kulima pembeni mwa shamba lake, naye mzee alitaka kuyajua masharti. Barua ilisema kwamba "however long" mzee yule atakavyokaa pale, minazi ni ya "owner". Sisi tulikuwa tumekariri kwamba "however" maana yake ni "lakini", basi. Zaidi ya hapo hatukujua. Tukamsomea kwa sauti ya mtu ajuaye: "Lakini utakaa sana; na minazi ni ya mwenyewe."

Mzee akafurahi. Alidhani "mwenyewe" ndiye yeye, wala hakukosa akili kudhani hivyo, kwa maana desturi ya pwani yetu tangu zamani ni kwamba ardhi yaweza kuwa ya huyu, na mnazi ukawa wa yule aliyeupanda. Akapanda minazi arobaini. Mwaka wa saba, ilipokwisha kuanza kuzaa, mwenye shamba akaleta watu wa kuangua. Barua ikasomwa tena na mtu mwingine, ikaonekana kwamba maana yake ni hii: "Hata ukikaa miaka mingi namna gani, minazi ni ya mwenye shamba."

Mzee hakutugombeza. Alituambia tu, "Mwanangu, maneno makubwa yote uliyasoma vema. Lile dogo ndilo lililonila."

Tangu siku ile tulianza kulichungua neno hili, na haya ndiyo tuliyoyaona.

"However" ni maneno mawili yaliyounganishwa: "how", yaani "namna gani", na "ever", yaani "wakati wo wote". Basi maana yake ya asili ni "kwa namna yo yote". Maana hiyo ingali hai, nayo ndiyo iliyokuwa katika barua ya mzee. Neno hili likifuatwa papo hapo na neno la sifa au la kiasi, kama "long" au "many" au "hard", halipingi kitu. Lataja kiasi: "hata iwe ndefu namna gani", "hata wawe wengi namna gani".

Ndani ya maana hiyo imo mbegu ya maana ya pili. Mtu akisema, "Na yawe yawavyo," ni kama asemaye, "Hayo uliyoyasema siyakani, hata hivyo liko jingine." Hapo ndipo "however" hufanya kazi ya kupindua. Nalo likifanya kazi hiyo, waandishi wa Kiingereza hulitenga kwa mkato, yaani kile kitone chenye mkia. Likianza sentensi, mkato huja nyuma yake. Likikaa katikati, hutiwa mkato mbele na nyuma. Basi alama ndogo kuliko punje ya ufuta yaweza kutenga "lakini" na "hata kama". Katika barua ya mzee mkato haukuwapo baada ya neno lile, nasi hatukutazama.

Tena, "however" si sawasawa na "but", ingawa sote tulifundishwa kuyatafsiri yote mawili "lakini". "But" ni kiungo. Huweza kushika sentensi mbili zikawa moja, kama kamba ishikavyo kuni. "However" ni kielezi. Haiwezi kuzifunga peke yake, ndiyo maana kabla yake huwekwa nukta au nusu-nukta. Na hilo neno "but" lina habari yake. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "butan", maana yake "nje ya". Kusema "but" kulikuwa kama kumtoa mtu nje ya ua na kuwaacha wenzake ndani. Hata leo, "all but one" ni "wote ila mmoja".

Sasa na tugeukie kwetu. Maneno yetu mengi ya namna hii yalitoka kwa Waarabu, yakaja pwani pamoja na biashara na elimu ya dini yao. "Lakini" ni lao, na "walakini" ni lile lile lililotanguliwa na "wa", yaani "na". "Bali" ni lao pia. "Ila" limetoka katika maneno mawili ya Kiarabu yenye maana ya "kama si". Lakini babu zetu hawakuwa maskini wa maneno. "Ingawa", "ijapokuwa" na "isipokuwa" yote yametokana na kitenzi chetu "kuwa", nayo hufanya kazi ya kukubali hili na kuweka lile.

Ajabu ni hii: Kiswahili kimelifanya "walakini" kuwa jina la kitu. Husemwa, "Mtu huyu ana walakini," maana yake ana kasoro. Mtu husifiwa, husifiwa, kisha linakuja neno lile, na wote wajua kwamba baada yake iko aibu. Nalo "ila" lina mwenzake asikikaye vile vile, "hana ila", maana yake hana dosari. Walakini hilo ni neno jingine la Kiarabu, si lile la "kama si". Yamekutana kinywani mwetu kama wageni wawili wenye jina moja.

Wazungu waliokuja kuandika Kiswahili walikuta kazi hapa. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake ilipigwa chapa mwaka 1882, baada ya kufa kwake. Steere alifika Unguja mwaka 1864, na kitabu chake cha sarufi kilitoka mwaka 1870. Madan alitoa kamusi yake ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894. Katika kutafsiri Agano Jipya hawakuweza kuweka "lakini" kila mahali. Kiyunani, lugha lililoandikwa kwanza, kina neno "alla", ambalo mara nyingi hukataa la kwanza na kusimamisha la pili, na neno "de", jepesi, ambalo mara lapinga, mara laendeleza habari tu. Kiingereza chasema "but" kwa mambo mengi, ila Kiswahili chatofautisha: "Si mrefu, bali mfupi" yakataa la kwanza, "Ni mrefu, lakini hana nguvu" yaliacha la kwanza lisimame. Wadachi, waliotawala Tanga hata mwaka 1916, wanayo tofauti hiyo hiyo katika lugha yao: "sondern" ni kama bali, na "aber" ni kama lakini. Basi mtoto wa Pongwe aliyeshika vema bali na lakini ana kipimo ambacho Kiingereza chenyewe hakina.

Kwa nini basi twateleza? Twaona sababu ni hii. Zamani watu wa pwani waliandika barua zao kwa herufi za Kiarabu, na barua zile hazikuwa na mikato wala nukta kama za leo. Msomaji aliongozwa na maneno yenyewe: salamu zikiisha, mwandishi huandika "ama baada", na msomaji hujua kwamba habari yenyewe yaanza. Kisha zikaja shule za herufi za Kirumi, na reli iliyoanzwa Tanga mwaka 1893, ikapita hapa petu, ikafika Muheza mwaka 1896, nazo barua za maofisi na za mashamba zikazidi. Tulipokea herufi, tukapokea maneno. Alama tulizidharau, tukidhani ni pambo.

Wala hasara hii si ya zamani tu. Hata leo mikataba mingi huandikwa kwa Kiingereza, na wengi huitia sahihi baada ya kusomewa na kijana wa jirani. Kwa hiyo twatoa shauri. Kwanza, msomaji asitangaze furaha kabla hajafika mwisho wa barua, kwa maana mwenye kutaka kunyima huanza kwa kusifu. Pili, akikuta "however", atazame mkato: upo au haupo? Tatu, akiona neno "mwenyewe" katika tafsiri yake, amtaje mtu huyo kwa jina. Na asipojua, aseme, "Sijui." Neno hilo halina aibu, lingaliokoa minazi arobaini.

Minazi ile ingaliko. Tupitapo hapo huiona, na mioyo yetu hutuuma.

Basi, wapenzi, tukijaliwa uzima, mwezi ujao tutawaandikia habari za "unless", ambalo nalo limewala watu.