Wana wa Karatasi

Msomaji, kumdhamini jamaa ahamie nchi ya ugenini huonekana jambo jepesi. Mtu hutangulia, akapata kazi na makazi, kisha akamwita mkewe, mwanawe au ndugu yake. Lakini afisa wa bandarini hawezi kuiona damu. Yambidi aonyeshwe karatasi. Wachina wa Marekani walilijua jambo hili kwa uchungu, na habari yao yafaa uijue.

Dhahabu ilipogunduliwa California mwaka 1848, wanaume wengi wa jimbo la Guangdong, kusini mwa China, walivuka bahari kuifuata. Baadaye maelfu yao walipasua majabali ya milima ya Sierra Nevada kuipitisha reli iliyokamilika mwaka 1869. Katika kazi hiyo walifanana na Wahindi walioijenga reli yetu ya Mombasa hadi Kisumu kati ya mwaka 1896 na 1901. Walakini Wahindi waliobaki huku waliweza kwa miaka mingi kuwaita jamaa zao, hali Mchina wa California alifungiwa mlango. Sheria ya mwaka 1875 ilizuia wanawake wengi wa Kichina. Ile ya mwaka 1882 ikawakataza vibarua wote wa Kichina kuingia, na ikawanyima Wachina haki ya kuandikishwa kuwa raia. Wafanya biashara, walimu na wanafunzi waliachwa wapite.

Ulibaki ufa mmoja. Mwaka 1898 Mahakama Kuu ya Marekani ilikata shauri la Wong Kim Ark, mzaliwa wa San Francisco aliyezuiwa kuingia aliporudi kutoka China, ikaamua kuwa aliyezaliwa Marekani ni raia hata kama wazazi wake ni Wachina. Na mwana wa raia, ingawa kazaliwa China, aliweza kuingia. Kisha, alfajiri ya tarehe 18 Aprili 1906, mji wa San Francisco ukapigwa na tetemeko la ardhi, na moto uliofuata ukateketeza madaftari ya vizazi. Tangu hapo, Mchina aliyedai kuwa alizaliwa mjini humo hakuwa na daftari la kumkanusha.

Raia wa namna hiyo alikwenda China kumzuru mkewe, na aliporudi alimwarifu afisa kwamba amepata mtoto wa kiume. Pengine ni kweli. Pengine alizaliwa binti. Pengine hakuzaliwa mtu. Nafasi iliandikwa, ikangoja. Miaka ilipopita alipewa mtoto wa ndugu, au iliuzwa kwa jirani, na bei yake ilihesabiwa kwa umri wa kijana. Mnunuzi aliacha jina la ukoo wake, akamwita mtu mwingine baba. Hao ndio walioitwa wana wa karatasi. Mimi siusifu uongo wao, ila naona vigumu kuwalaumu watu ambao njia ya haki ilizibwa mbele yao.

Serikali ikajibu kwa maswali. Kuanzia mwaka 1910 hadi 1940 wageni walishushwa Angel Island, kisiwa kilichomo katika ghuba ya San Francisco. Fikiri kwamba wewe ni kijana wa miaka kumi na minne, nawe umekaa mbele ya maafisa na mkalimani. Wanakuuliza: nyumba yenu ina ngazi ngapi mlangoni? Pipa la mchele huwekwa upande gani? Jirani wa safu ya tatu ana watoto wangapi? Majibu yako yatalinganishwa na ya baba, aliyeulizwa peke yake. Vijana walikariri vitabu vya majibu katika safari nzima, kisha wakavitupa baharini kabla ya kufika. Tena mwana wa kweli naye ilimlazimu kukariri, maana akisahau hesabu ya ngazi za kwao aliweza kurudishwa. Wengine walizuiliwa siku chache, wengine miezi mingi, na mashairi waliyoyachonga katika kuta za mbao yangalipo hata leo.

Sheria ile ya 1882 ilifutwa mwaka 1943, lakini Wachina walioruhusiwa kuingia walikuwa 105 tu kwa mwaka. Mwaka 1956 serikali iliwataka wana wa karatasi waungame. Aliyeungama aliwafichua pia baba wa karatasi, ndugu wa karatasi na watoto wao, hata nyumba nyingi zikakaa na hofu. Sheria ya mwaka 1965 ndiyo iliyoupa udhamini wa jamaa nafasi kubwa, nao Wachina wakaingia katika utaratibu mmoja na mataifa mengine.

Baadhi ya wana hao hawakuungama kamwe. Kwenye makaburi yao huko California yapo mawe yenye majina mawili: kwa herufi za Kiingereza jina lililonunuliwa, na kwa herufi za Kichina jina alilopewa marehemu na wazazi wake.