Shabiki Asiyesikika: Kuifuatilia Tenisi ya Kulipwa ya Wanaume Kibaha na Kisarawe tangu Uhuru hadi Enzi ya Ving'amuzi

Ikisiri

Historia ya ushabiki wa michezo nchini Tanzania imeandikwa zaidi kama historia ya soka, na hasa historia ya umati wa watu. Makala haya yanachunguza ushabiki wa aina nyingine: ule wa mtu anayefuatilia mashindano ya tenisi ya kulipwa ya wanaume akiwa Kibaha au Kisarawe, mbali na viwanja yanakochezwa. Hoja ya msingi ni kwamba uchache wa mashabiki wa tenisi katika wilaya hizi hautokani na hulka ya watu wala ugeni wa mchezo wenyewe. Unatokana na historia ya nyenzo tatu zinazoujenga ushabiki wa pamoja, yaani msimulizi anayezungumza lugha ya wasikilizaji, mahali pa kukutania na muda unaotabirika. Soka ilizipata zote tatu. Tenisi iliingia katika fikra za Watanzania kwa njia ya siasa ya ukombozi, na siasa hiyo ilipopoa mchezo ukabaki bila mlango wa kuingilia.

1.0 Utangulizi

Kibaha, makao makuu ya Mkoa wa Pwani, iko kando ya barabara ya Morogoro, takribani kilomita 40 kutoka Dar es Salaam. Kisarawe iko kusini-magharibi mwa jiji hilo, baada ya kuvuka vilima vya Pugu. Kwa michezo, maeneo haya mawili yameishi kwa kuitazama Dar es Salaam: Yanga iliyoanzishwa mwaka 1935 na Simba iliyoanzishwa mwaka 1936 zina wafuasi katika kila kijiji, na Ruvu Shooting ya Mlandizi iliwahi kuwaletea wakazi wa Kibaha mechi za Ligi Kuu katika uwanja wa Mabatini.

Katika mazingira hayo, mpenzi wa tenisi ni mtu asiyeacha alama. Hana tawi lenye bendera, hana jezi inayotambulika barabarani, wala hana mtani wa kumcheka timu yake inapofungwa. Mwanahistoria anayepima ushabiki kwa kelele za jukwaani hatamwona. Swali la makala haya, basi, halihusu idadi ya mashabiki hao. Linahusu mambo yaliyoufanya upenzi wao uwe wa faragha, ilhali upenzi wa soka katika mitaa hiyohiyo ni wa hadharani.

2.0 Kiwanja, Shule na Tabaka

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba tenisi ni mchezo wa wakubwa. Maelezo haya yana msingi wake katika historia. Wakati wa ukoloni, tenisi ya Dar es Salaam ilichezwa katika klabu za aina ya Gymkhana, ambazo uanachama wake ulifuata mipaka ya rangi. Mwafrika aliyeingia humo aliingia kama mtumishi au mwokota mipira. Kwa hiyo mchezo ulionekana kwanza kutoka nje ya uzio.

Hata hivyo, sababu ya tabaka haijitoshelezi. Soka nayo ililetwa na Wazungu. Chuo cha Mtakatifu Andrea cha misheni ya UMCA huko Kiungani, Zanzibar, kilikuwa miongoni mwa vitovu vya mwanzo vya kandanda katika Afrika Mashariki, na katika miaka ya 1920 chuo hicho kilihamishiwa Minaki, katika wilaya ya Kisarawe. Vijana waliohitimu katika shule za namna hiyo waliusambaza mchezo walikopangiwa kazi. Kilichoiwezesha soka kutoka nje ya uzio wa misheni ni gharama yake: mpira mmoja unawatosha watu 22, na ukikosekana hutengenezwa wa matambara. Tenisi inadai sakafu ngumu iliyosawazishwa, wavu, raketi kwa kila mchezaji na mipira inayopoteza mdundo baada ya muda mfupi, na yote hayo ni kwa ajili ya watu wawili au wanne tu.

Hali hiyo iliendelea baada ya Uhuru. Mradi wa nchi za Nordic ulioanzishwa Kibaha mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa msaada wa Denmaki, Ufini, Norwei na Uswidi, ukakabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania mwaka 1970 na kuwa Shirika la Elimu Kibaha, ulilenga shule, afya na kilimo. Sheria iliyounda Baraza la Michezo la Taifa ilipitishwa mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, na falsafa ya wakati huo ilitaka michezo ya watu wengi kwa gharama ndogo. Kwa kipimo hicho, tenisi ilikuwa na hoja dhaifu.

3.0 Tenisi kama Habari ya Ukombozi, 1968–1976

Tenisi ya kulipwa kwa sura yake ya sasa ilianza mwaka 1968, mashindano makubwa yalipofunguliwa kwa wachezaji wa kulipwa na wa ridhaa kwa pamoja. Mwaka huo Arthur Ashe, Mmarekani mweusi kutoka Virginia, alitwaa taji la wazi la Marekani. Mwanzoni mwa 1970 Serikali ya Afrika Kusini ilimnyima viza ya kwenda kucheza Johannesburg, na mwaka huohuo nchi hiyo ikaondolewa katika Kombe la Davis. Baadaye mwaka 1970, Ashe na mwenzake Stan Smith walifanya ziara ya Afrika iliyodhaminiwa na Serikali ya Marekani, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi walizozitembelea. Katika safari nyingine, mwaka 1971 nchini Kamerun, ndipo Ashe alipokutana na mtoto wa miaka 11, Yannick Noah, ambaye mwaka 1983 alitwaa taji la Ufaransa.

Umuhimu wa ziara ya 1970 kwa hoja hii ni kwamba ilimpa Mtanzania sababu ya kufuatilia tenisi bila kuwa na kiwanja wala raketi. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Mtu aliyezoea kusikiliza taarifa za FRELIMO na ANC aliweza kuyaweka matokeo ya Ashe katika fungu hilohilo. Huu ulikuwa ushabiki uliotokana na msimamo: mchezaji alijulikana kabla ya mchezo wake kueleweka.

Ushabiki wa namna hiyo ulikuwa na mtihani wake. Mwaka 1973 Ashe alikubali kwenda Afrika Kusini baada ya kupewa viza, akiamini kwamba kuonekana kwake uwanjani kungefungua mlango. Msimamo wa Afrika huru ulikuwa ni kuususia utawala wa makaburu kabisa. Mwaka uliofuata India iliacha kucheza fainali ya Kombe la Davis kuliko kukutana na Afrika Kusini, na kwa hatua hiyo ikapoteza nafasi ya taji. Aliyemshangilia Ashe kwa sababu ya msimamo alilazimika sasa kuamua iwapo anampenda mchezaji au anapenda kile alichokiwakilisha.

Tanzania ilijibu swali kama hilo kwa gharama yake yenyewe. Mwaka 1976 ilijiunga na nchi zilizosusia Olimpiki ya Montreal kupinga ziara ya timu ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16 huko Christchurch mwaka 1974, hakukimbia, na John Walker aliyemfuata siku ile akatwaa medali ya dhahabu bila mpinzani huyo. Leo shule na kituo cha michezo vyenye jina la Bayi viko Mkuza, Kibaha. Kwa mtafiti wa ushabiki, kituo hicho kinakumbusha jambo linalosahaulika: kizazi cha miaka ya 1970 kilifunzwa kwamba kupenda mchezo wakati mwingine ni kukubali kutouona.

4.0 Msimulizi Aliyekosekana

Ashe alipomshinda Jimmy Connors katika fainali ya Wimbledon mwaka 1975 kwa seti 6–1, 6–1, 5–7, 6–4, Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni. Hali hiyo iliendelea hadi mwaka 1994. Kwa miaka zaidi ya 30 tangu Uhuru, mchezo wa mbali ulimfikia mkazi wa Maneromango au Mlandizi kwa sauti na kwa maandishi tu.

Kwa soka, sauti ilitosha. Watangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam waliujengea mchezo huo lugha nzima: kona, penalti, beki, chenga, mkwaju, nyavu kutikisika. Msikilizaji aliyekaa chini ya mwembe aliuona uwanja kwa masikio. Tenisi haikupata lugha hiyo. Hesabu yake ya alama, inayokwenda 15, 30 kisha 40, ambapo mchezaji anaweza kushinda pointi nyingi kuliko mwenzake na bado akapoteza mechi, inahitaji mtu wa kuifafanua kwa subira, siku baada ya siku, hadi ikawa mazoea. Iliyofika hewani ni taarifa ya mwisho, yaani jina la mshindi na seti zake. Taarifa ya matokeo humpa msikilizaji ujuzi, lakini haimpi ile hofu ya kungoja inayomfanya awe shabiki.

5.0 Kibanda Umiza na Tatizo la Muda

Televisheni, na baadaye setilaiti na ving'amuzi, viliondoa kikwazo cha picha. Urushaji wa analojia ulipoanza kuzimwa mwishoni mwa mwaka 2012, kisimbuzi kikawa chombo cha kawaida cha nyumbani. Hata hivyo, kwa wengi mahali pa kutazamia michezo ya ng'ambo palibaki kuwa kibanda umiza: chumba chenye mabenchi, luninga na kiingilio kidogo kinacholipwa kwa mechi.

Kibanda kinaendeshwa kwa saa. Mechi ya soka huisha ndani ya saa mbili, wateja hutoka, wengine huingia. Tenisi ya wanaume katika mashindano manne makubwa huchezwa kwa seti tatu kati ya tano, na hakuna ajuaye itakwisha lini. Fainali ya Wimbledon ya tarehe 6 Julai 2008 kati ya Rafael Nadal na Roger Federer ni mfano ulio wazi. Mchezo wenyewe ulichukua saa 4 na dakika 48, lakini mvua iliukatiza mara kadhaa. Aliyekaa kuisubiri saa kumi alasiri kwa saa za Kibaha aliondoka baada ya saa tano usiku. Katika muda huo mwenye kibanda angeonesha mechi tatu za soka. Hapakuhitajika chuki yoyote dhidi ya tenisi ili ikose nafasi. Hesabu ya kiingilio ilitosha.

Majira nayo yana uzito. Mashindano ya Melbourne ya kila Januari huanza mchana wa huko wakati Kisarawe ni saa tisa usiku. Mechi za usiku za New York huanza saa nane usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Ni Paris na London tu zinazoangukia mchana na jioni. Juu ya hayo, katika vipindi vya mgawo wa umeme kama vile 2006 na 2011, seti ya tano ilikuwa jambo la bahati. Kufuatilia mwaka mzima wa tenisi kulidai mtu awe na luninga yake, malipo ya mwezi, umeme na usiku wa kukesha peke yake. Upweke huo ulijengwa na mpangilio wa nyenzo, wala haukuwa tabia ya shabiki.

6.0 Simu, Mkeka na Maana ya Ushabiki

Simu ya mkononi imebadili sura ya tatizo. Matokeo huonekana pointi kwa pointi, na vipande vya mechi hutazamwa ndani ya daladala. Pamoja na hayo umeingia mkeka. Kampuni za kubashiri huorodhesha mechi za tenisi kila siku, hata za mashindano madogo, kwa kuwa mchezo huu haulali: mashindano makubwa moja tu, lenye wachezaji 128, huwa na mechi 127. Hivyo kijana anaweza kuyajua majina ya wachezaji wa ngazi za chini bila kuwahi kuwaona wakicheza.

Je, huyu ni shabiki? Ujuzi wake unafanana na wa msikilizaji wa miaka ya 1970, kwani wote wawili wanajua matokeo kuliko mchezo. Tofauti iko katika kinachowafunga. Wa kwanza alifungwa na mtu aliyemwona kuwa wake. Wa pili hufungwa na dau, na dau likishaliwa kifungo hufunguka. Ushabiki kwa maana ya kustahimili kushindwa hauwezi kupimwa kwa wingi wa wanaojua matokeo.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba katika Kibaha na Kisarawe tenisi ya kulipwa ya wanaume ilikosa msimulizi, mahali na muda, na kwamba kwa kipindi kifupi siasa ya ukombozi iliziba pengo hilo. Matokeo yake kwa utafiti ni mawili. Kwanza, ukimya wa shabiki usichukuliwe kuwa ushahidi wa kutokuwapo kwake. Historia ya michezo inayotegemea umati na majukwaa pekee huwafuta watu waliopenda kwa taabu kubwa zaidi. Pili, kumbukumbu za ushabiki huu haziko katika mafaili ya vyama vya michezo. Ziko kwa wazee walioisikia habari ya Ashe wakiwa vijana, na kwa wale waliobaki macho hadi saa tano usiku siku ile ya Julai 2008. Kizazi cha kwanza kinapungua. Kazi ya kukusanya simulizi zake haiwezi kungoja hadi tenisi iwe mchezo wa wengi.