Kumeza Kamera: Niliyojifunza Membley Kuhusu Kipimo cha Umio na Tumbo

Mimi ni mtu wa pwani ninayeishi Membley, upande wa Ruiru, kwa sababu ya kazi. Mwaka jana Ami yangu alitoka Mji wa Kale, Mombasa, akaja kututembelea. Jioni ya kwanza mezani nilimwona akitafuna mkate kwa muda mrefu kisha akiushushia kwa maji. Ndizi nayo aliishushia kwa maji. Nilipomuuliza alinijibu, "Ni vidonda vya tumbo, mwanangu, dawa ninazo." Dawa hizo alikuwa amezimeza miezi minane, akipewa na zahanati moja ya huko nyumbani, na hakuna aliyewahi kumtazama kwa kamera.

Wengi wetu tunakiogopa kipimo hiki. Barazani utasikia watu wakisema "kumezeshwa mpira", na anayesimulia hueleza kana kwamba aliteswa. Basi naeleza hapa kipimo chenyewe kilivyo leo, maana kimebadilika sana.

Endoskopi ni mrija mwembamba unaopinda, wenye taa na kamera kwenye ncha. Ukipitia mdomoni huangalia umio (njia ya chakula kutoka kooni), tumbo na mwanzo wa utumbo mdogo. Ukipitia chini huangalia utumbo mpana, na hapo huitwa kolonoskopi. Mwaka 1868 daktari Mjerumani, Adolf Kussmaul, alitumia bomba lililonyooka kama fimbo, na aliyekubali kulimeza alikuwa mcheza mazingaombwe aliyezoea kumeza panga! Mrija unaopinda ulikuja mwaka 1957 kwa kazi ya Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa Marekani, aliyetumia nyuzi nyembamba za kioo kupitisha mwanga. Aliujaribu kooni mwake mwenyewe kwanza. Miaka ya 1980 kamera ndogo ikawekwa kwenye ncha, na picha ikaanza kuonekana kwenye skrini.

Mabadiliko ya karibuni yako ya namna mbili: jicho limekuwa kali zaidi, na mrija umepata mikono.

Kuhusu jicho, mitambo mipya ina kitufe kinachobadilisha mwanga mweupe kuwa wa buluu na kijani pekee. Mishipa midogo ya damu hujitokeza vizuri kwa mwanga huo, na sehemu inayoanza kuharibika huonekana hata kama haijavimba. Siku hizi kuna pia programu za akili mnemba zinazotazama skrini pamoja na daktari na kuchora kisanduku mahali penye kinyama cha kutiliwa shaka kwenye utumbo mpana. Marekani iliidhinisha ya kwanza ya aina hiyo mwaka 2021.

Lakini kwa nchi yetu mimi naona kifaa cha maana zaidi ni cha bei rahisi mno: maji ya iodini. Daktari huyanyunyiza ndani ya umio. Ngozi yenye afya hugeuka kahawia, iliyoanza kuharibika hubaki rangi ya manjano hafifu. Katika hospitali ya Tenwek, Bomet, watafiti waliwapima hivyo watu 305 wasio na dalili yoyote, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha asilimia 14.4, yaani karibu mtu mmoja kati ya saba, wana mabadiliko yanayoweza kuja kuwa saratani. Kenya iko ndani ya ukanda wa saratani ya umio unaoteremka kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini. Na hapa wanywaji kahawa wenzangu wanisikilize: mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliviweka vinywaji vya moto uliozidi nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani hiyo. Tatizo ni ule moto, si kahawa yenyewe. Nakaa Ruiru, ambako kuna kituo cha utafiti wa kahawa, kwa hiyo sitaki ugomvi na majirani.

Sasa mikono. Kupitia mrija huohuo daktari hupitisha koleo, waya, sindano na kisu cha umeme. Hukata kipande kidogo cha nyama kwa uchunguzi, na huwezi kuhisi. Hufunga kwa vipete vya mpira mishipa iliyovimba ya umio, ambayo huwatapisha damu wagonjwa wa ini na wa kichocho cha tumbo, hasa kando ya Ziwa Victoria. Saratani ikiwa bado changa juu juu ya ngozi, huingizwa maji chini yake ili inyanyuke, kisha huchunwa yote kipande kimoja, bila kupasua kifua. Ufundi huo ulianza Japani, na Kenya wanaoufanya bado ni wachache.

Si kila anayekwama chakula ana saratani. Wengine mlango wa chini wa umio hukataa kufunguka. Tangu mwaka 2008, kwa ufundi wa Haruhiro Inoue wa Japani, daktari anaweza kupita chini ya ngozi ya umio na kukata msuli uliokaza, mgonjwa asibaki na jeraha hata moja kwa nje.

Kuna pia kidonge chenye kamera, kirefu kama milimita 26, kinachomezwa kwa maji na kupiga picha kikiteremka. Watu hukiulizia sana kwa kuwa hakina mpira. Kinafaa kwa utumbo mdogo, lakini hakiwezi kukata nyama, na mtu mwenye njia iliyobana hapewi, kwa maana kitakwama.

Baada ya Ami, nami nilipimwa. Sikula kuanzia usiku, jambo ambalo sisi tuliozoea kufunga halitutishi. Nilipuliziwa ganzi chungu kooni, nikachomwa dawa ya usingizi mwepesi, na kazi yote haikumaliza robo saa. Vituo vingine vina mrija wa kupitia puani, usiofika milimita 6, na mgonjwa hukaa macho. Vingine hutumia hewa ya kaboni badala ya hewa ya kawaida, kwa kuwa mwili huifyonza haraka na tumbo halibaki limejaa. Nilikutwa na bakteria wa tumbo, nikapewa dawa za siku 14. Ukienda, mweleze daktari mapema kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda au za sukari, na uende na mtu wa kukurudisha nyumbani.

Chakula kinachokwama, kukonda bila sababu, kutapika damu, choo cheusi kama lami, upungufu wa damu usioeleweka: mwenye dalili hizi asiendelee kupewa vidonge vya asidi bila kutazamwa.

Ami alitazamwa siku ya tano. Uvimbe ulikuwa umeziba umio, na skani ikaonyesha kwamba ugonjwa ulishatoka nje yake. Upasuaji haukuwezekana tena. Aliwekewa stenti, bomba la wavu wa chuma linalojipanua lenyewe na kuacha njia wazi. Tenwek wamewawekea hivyo mamia ya wagonjwa, hata bila mashine ya eksirei. Kesho yake alikunywa uji bakuli zima, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa wiki kadhaa.

Sasa yuko nyumbani Mombasa. Tulipozungumza juzi aliniambia anakula wali uliopondwa na samaki aliyechambuliwa vizuri. Mkate daktari amemkataza, kwa kuwa hufura na kuziba stenti.