Asili ya Bajaji na Matunzo Yake

Wasikilizaji wetu wa Ngara na Biharamulo, mwakijua nyote kile chombo cha magurudumu matatu kiitwacho Bajaji. Wengi hudhani kuwa asili yake ni Bara Hindi. Jina lake ni la huko kweli, bali ukoo wake ni wa Italia, na yafaa kila mwenye kukitunza aujue, maana tabia za babu zingalimo katika mjukuu.

Katika mji wa Pontedera palikuwa na kiwanda cha ndege cha Piaggio. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kiliharibiwa kwa mabomu, na vita vilipokwisha Wataliani wengi hawakuwa na fedha za kununua motokaa. Basi Piaggio wakamwagiza Corradino D'Ascanio, fundi mkuu wa ndege, abuni pikipiki ya bei ndogo. Ajabu ni kwamba bwana huyu hakuzipenda pikipiki: aliona zachafua nguo, na gurudumu likitoboka ni taabu kulitoa. Kwa hiyo aliufunika mtambo, akaondoa mnyororo, na gurudumu la mbele akalishika kwa mkono wa upande mmoja tu, kama la ndege. Chombo kilitoka mwaka 1946, kikaitwa Vespa, yaani nyigu. Mwaka 1948 kikafuata cha mizigo, chenye magurudumu matatu, kikaitwa Ape, yaani nyuki. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Bajaj iliunda vyombo vya namna hiyo kwa ruhusa ya Piaggio. Mkataba ukakoma mwaka 1971, nao Bajaj wakaendelea kwa jina lao. Hata leo dereva wa Bajaji hubadili gia kwa kuzungusha mkono wa kushoto, kama mpanda Vespa.

Sasa matunzo. Mtambo wa Vespa ulikuwa wa namna iwakayo kila pistoni ipandapo. Hauna vali, na oili yake huchanganywa na petroli. Kwa Vespa za kwanza kipimo kilikuwa sehemu 1 ya oili kwa 20 za petroli. Oili ikipungua, pistoni hukwama ndani ya silinda. Ikizidi, plagi hulowa na masizi huziba bomba la moshi. Kwa maoni yetu, chombo hicho kililaumiwa mara nyingi kwa kosa la mkono uliopima.

Bajaji nyingi za siku hizi zina oili ya peke yake, wala hazichanganyiwi. Lakini vumbi jekundu la barabara zetu likipita kwenye chujio la hewa hula silinda kama msasa. Tena mtambo upozwao kwa hewa una mapezi ya chuma, na matope yakigandamana hapo, joto halina pa kutokea. Hilo ndilo baya katika vilima vya Ngara, ambapo chombo hupanda polepole na mzigo mzito. Mama mwenye uchungu apelekwaye Murgwanza usiku hawezi kungoja mtambo upoe njiani.

Na hapa busara ya D'Ascanio yatuletea kazi: kifuniko kilichookoa nguo za Wataliani huficha matope yetu. Mtambo ukisha kupoa, kifunguliwe kila juma, mapezi yasuguliwe kwa burashi, na chujio likung'utwe vumbi kabla ya safari ya kesho.