Muuaji wa Whitechapel: Maofisa wanne wa polisi, washukiwa wanne

Kati ya Agosti 31 na Novemba 9, 1888, wanawake watano waliuawa kwa kisu katika vichochoro vya Whitechapel na maeneo jirani, mashariki mwa London. Muuaji hakukamatwa. Katika miaka iliyofuata, maofisa wanne waliowahi kushika nyadhifa za juu katika upelelezi wa jiji hilo walieleza, kila mmoja kwa wakati wake, ni nani waliyemshuku. Kila mmoja alimnyooshea kidole mtu wake.

Mjadala wowote kuhusu mtu aliyebatizwa jina la Jack the Ripper unapaswa kuanzia hapo. Vitabu na filamu za kila kizazi hudai kwamba fumbo limefumbuliwa. Lakini kama waliokuwa na majalada mezani, na mashahidi wakiwa bado hai, hawakukubaliana, basi kila jina linalotajwa leo linastahili kuulizwa maswali magumu.

Wanawake watano

Whitechapel ya wakati huo ilikuwa mahali pa dhiki. Maelfu ya watu hawakuwa na nyumba, walilipia kitanda cha usiku mmoja katika nyumba za kulala wageni. Bei ya kawaida ya kitanda ilikuwa peni nne, na asiyekuwa nazo alitolewa nje hata kama ni usiku wa manane.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Mary Ann Nichols, aliyekosa fedha ya kitanda na kukutwa amekufa Buck's Row Agosti 31. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Annie Chapman, ambaye maiti yake ilikutwa Septemba 8 uani kwenye nyumba namba 29, mtaa wa Hanbury. Elizabeth Stride na Catherine Eddowes waliuawa usiku mmoja, Septemba 30, chini ya saa moja ikitenganisha vifo vyao. Mary Jane Kelly aliuawa Novemba 9 ndani ya chumba alichopanga Miller's Court.

Jalada la polisi lilikuwa na vifo 11, kuanzia Aprili 1888 hadi Februari 1891. Hawa watano ndio ambao watafiti wengi huwahesabu kuwa waliuawa na mkono mmoja, ingawa hata idadi hiyo ina wabishi wake.

Dakika 14 za Mitre Square

Ili kuelewa ugumu wa kesi hii, tutazame usiku wa mwisho wa Catherine Eddowes. Jioni ya Septemba 29 alikamatwa kwa ulevi, akafungiwa katika kituo cha polisi cha Bishopsgate hadi pombe imtoke. Aliachiliwa kama saa 7 usiku, akaenda zake. Alikuwa ametoka siku chache tu kijijini Kent kuvuna mazao ya kutengenezea bia pamoja na mwenzi wake. Katika vitu alivyokuwa navyo mwilini kulikuwa na kopo dogo la majani ya chai, kopo la sukari, na risiti za vitu vilivyowekwa rehani.

Saa 7:30, askari wa doria Edward Watkins alipita Mitre Square, hakuona kitu. Kama dakika tano baadaye, Joseph Lawende, mfanyabiashara aliyekuwa akitoka klabu na wenzake wawili, alimwona mwanamume akizungumza na mwanamke kwenye kipenyo kinachoingia uwanjani hapo. Saa 7:44 Watkins alirudi na kukuta maiti.

Ndani ya dakika hizo 14, muuaji alifika, akaua, akaukata mwili, akachukua figo na kutoweka gizani bila kugongana na doria. Tukio hilo linatuambia jambo moja la maana: huyo alikuwa mtu aliyeyajua mapito ya eneo lile, na ambaye sura yake haikumshtua mtu.

Baadaye usiku huo, kipande cha aproni ya Eddowes chenye damu kiliokotwa mtaa wa Goulston, chini ya maandishi ya chaki yaliyowataja Wayahudi. Kamishna wa polisi, Charles Warren, aliamuru yafutwe kabla ya kupigwa picha, akihofia Wayahudi wangeshambuliwa. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli, lakini kielelezo kilipotea.

Mshukiwa wa kwanza: mgeni

Siku zile uvumi ulimwangukia fundi viatu Myahudi, John Pizer, aliyejulikana kwa jina la "Aproni ya Ngozi". Magazeti yalimchora kama shetani kabla hajahojiwa. Alipokamatwa Septemba 10, ilibainika kwamba usiku aliouawa Nichols alikuwa mbali na Whitechapel, na alikuwa amezungumza na askari polisi kuhusu moto mkubwa uliokuwa ukiwaka bandarini. Aproni iliyookotwa karibu na maiti ya Annie Chapman nayo ilikuwa ya mtoto wa mkazi wa nyumba ile. Pizer alisafishwa hadharani mbele ya mahakama ya uchunguzi wa vifo.

Yeye aliokolewa na askari aliyemkumbuka. Wengi wa waliotajwa baada yake hawakupata bahati hiyo.

Jina la kwanza: Druitt

Februari 1894, Melville Macnaghten, mmoja wa maofisa wale wanne, aliandika waraka wa ndani wa polisi uliotaja washukiwa watatu. Aliyempendelea alikuwa Montague John Druitt, ambaye mwili wake uliopolewa mto Thames Desemba 31, 1888. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba mauaji yalikoma baada ya Druitt kufa, na kwamba alikuwa na habari za siri zinazodokeza hata ndugu zake walimshuku.

Lakini Macnaghten alijiunga na polisi mwaka 1889, mauaji yakiwa yamekwisha kutokea. Alimwita Druitt daktari wa miaka 41, ilhali alikuwa wakili na mwalimu wa miaka 31. Mama yake alikuwa amelazwa kwa ugonjwa wa akili, na yeye mwenyewe alikuwa ameachishwa kazi ya ualimu muda mfupi kabla ya kufa. Hizo ni sababu tosha za mtu kukata tamaa ya maisha, bila kumtwisha damu ya wengine. Tena Septemba 8, saa chache baada ya Chapman kuuawa alfajiri, Druitt alikuwa Blackheath akicheza kriketi. Hilo halimwondolei uwezekano, maana muda ulitosha. Lakini hakuna shahidi wala kielelezo kinachomweka Whitechapel usiku wowote wa mauaji.

Jina la pili: Kosminski

Robert Anderson, aliyekuwa mkuu wa upelelezi, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1910 kwamba muuaji alikuwa Myahudi wa Poland, na kwamba shahidi alimtambua lakini akakataa kutoa ushahidi. Donald Swanson, aliyesimamia kesi chini yake, aliandika pembeni mwa nakala yake ya kitabu hicho jina la Kosminski. Maandishi hayo yalijulikana kwa umma mwaka 1987.

Kwa juu juu, hili ndilo jina zito kuliko yote. Aaron Kosminski alikuwa kinyozi, mkazi wa Whitechapel, na alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili Februari 1891. Ukiingia ndani, nyufa zinaonekana. Swanson aliandika kwamba mgonjwa huyo alifariki muda mfupi baadaye, kumbe Kosminski aliishi hadi 1919. Kumbukumbu za hospitali zinamweleza kama mtu aliyesikia sauti na kukataa chakula cha watu, na kwa sehemu kubwa si mtu wa kushambulia. Na kama shahidi anayezungumziwa ni Lawende, kama wengi wanavyodhani, huyo alikwisha sema mwaka 1888 kwamba hangeweza kumtambua tena mtu yule. Macnaghten naye, aliyemtaja Kosminski katika waraka wake, alielekea kumwondolea lawama.

Mwaka 2019 jarida la sayansi lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya shali inayodaiwa kuokotwa kwenye maiti ya Eddowes, uliodaiwa kumhusisha Kosminski. Vinasaba vilivyopimwa ni vile vinavyorithiwa upande wa mama, ambavyo maelfu ya watu wasiojuana huweza kuvishiriki. Hakuna hati ya polisi ya mwaka 1888 inayoitaja shali hiyo, na imepita mikononi mwa watu wengi. Kielelezo kisichojulikana kilikotoka hakiwezi kumtia mtu hatiani.

Jina la tatu na la nne

Inspekta Frederick Abberline, aliyeongoza upelelezi mitaani, aliwaambia waandishi wa habari mwaka 1903 kwamba alimshuku Severyn Kłosowski, aliyejiita George Chapman. Huyu alikuwa muuaji kweli: aliwaua kwa sumu wanawake watatu walioishi naye kama wake zake, akanyongwa Aprili 7, 1903. Alikuwa amesomea utabibu Poland na aliishi mashariki mwa London. Kinachopinga ni namna ya kuua. Anayemlisha mwenzi wake sumu kidogo kidogo na kukaa kando ya kitanda chake hutofautiana sana na anayemrukia asiyemjua kichochoroni. Kubadili njia si muhali, lakini hakuna ushahidi kwamba alibadili.

John Littlechild, aliyewahi kuongoza kitengo maalumu cha polisi, alimtaja Francis Tumblety katika barua ya mwaka 1913 iliyogunduliwa miaka 80 baadaye. Tumblety alikuwa tapeli wa Marekani aliyejiita daktari. Alikamatwa London Novemba 1888 kwa kosa jingine, akapewa dhamana, akakimbilia Ufaransa na kisha New York. Kukimbia kwake kunatia shaka. Lakini alikuwa mrefu na umri wake ulizidi miaka 50, wakati mtu aliyeonwa na Lawende alikuwa wa kimo cha wastani na umri wa kama miaka 30.

Wanaouza vitabu

Wako pia washukiwa wanaong'ara kwa umaarufu tu. Mjukuu wa Malkia Victoria, Mwanamfalme Albert Victor, alikuwa Uskoti Septemba 30. Mchoraji Walter Sickert anaonekana kuwa alikuwa Ufaransa kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho. Daktari Thomas Neill Cream alikuwa gerezani Illinois. Michael Ostrog, wa tatu katika waraka wa Macnaghten, alikuwa kizuizini Ufaransa. Alikuwa tapeli wa kutupwa, lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Miaka ya karibuni ametajwa sana Charles Lechmere, mchukuzi wa mizigo aliyeikuta maiti ya Nichols akienda kazini, na aliyejitambulisha kwa jina la Cross. Hoja hiyo ina mvuto kwa sababu yeye angalau yuko mahali pa tukio. Lakini Cross lilikuwa jina la baba yake wa kambo, njia ile ilikuwa yake ya kila siku, na alikwenda mwenyewe kumtafuta askari.

Kwa nini hawakumpata

Polisi hawakulala. Walihoji watu zaidi ya 2,000, wakawachunguza zaidi ya 300, na kuwaweka kizuizini 80. Walichokosa ni zana. Ofisi ya alama za vidole ya polisi wa London ilianza 1901, na makundi ya damu yaligunduliwa miaka hiyo hiyo. Bila kumkuta mtu na kisu mkononi, au bila shahidi wa kutegemewa, hapakuwa na njia ya kumfunga mtu na maiti. Madaktari nao waligawanyika. George Bagster Phillips aliona ujuzi wa kukata mwili, Thomas Bond hakuuona kabisa. Mamia ya barua za uongo ziliwapotezea muda, na ile iliyolizaa jina la Jack the Ripper polisi waliamini iliandikwa na mwandishi wa habari.

Hukumu

Nikiwapima wote, namwona Kosminski akiwa na ushahidi mwingi kuliko wengine, na bado hautoshi kumfikisha hata nusu ya njia kuelekea hatiani. Naamini uwezekano mkubwa ni kwamba muuaji alikuwa mkazi wa kawaida wa eneo lile, mtu ambaye jina lake halikuandikwa kwenye jalada lolote.

Msomaji atakapokutana na kitabu au filamu nyingine inayodai kufumbua fumbo hili, aulize mambo matatu. Mtu huyo alikuwa wapi usiku wa mauaji? Nani alimtaja, na baada ya miaka mingapi? Je, analaumiwa kwa alichotenda, au kwa kuwa mgeni, mgonjwa, au mtu mwenye sifa mbaya?

Mary Ann Nichols, Annie Chapman, Elizabeth Stride, Catherine Eddowes na Mary Jane Kelly walinyimwa haki na muuaji asiyejulikana. Kumbambikia kosa hilo mtu ambaye hakuthibitishwa hakuwarudishii haki hiyo; kunaongeza tu dhuluma ya sita juu ya zile tano.